Maneno Aliyofundishwa Drissa

Bi Nasma alisema yule mgeni aliingia matangani anacheka. Jana yake, alipoisimulia habari hiyo kisimani, mgeni alikuwa ametabasamu tu. Kulipokucha akawa anacheka, meno yote nje.

"Kapita katikati ya wazee wala salamu hakutoa," alisema Bi Nasma. Alikuwa ameegemea mlango wa uani, mkononi ana kikombe kitupu alichokuja kuombea sukari. "Kamfuata Abeid pale kwenye jamvi, kamshika mikono miwili, kamwambia: afadhali mama yako amekwenda, alituchosha. Mara tatu, shoga yangu! Na ya tatu kapiga na makofi. Wallahi vile."

"Ulimwona kwa macho yako?" aliuliza Bi Chiku, mama yake Sabra, bila kuinua uso. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya mchana.

"Mie nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Lakini dirisha si lipo?"

Sabra alikuwa kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani, anatoa chuya. Vidole vyake havikusimama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na siku hiyo alitamani mchele ule usiishe, ili asipate sababu ya kuinua kichwa.

"Haya, nieleze kitu kimoja," alisema Bi Chiku. "Huyu kijana juzi tu alitaka chumvi, akaninyooshea kopo kama mtoto mchanga. Mtu asiyejua kuomba chumvi, hilo 'alituchosha' kalitoa wapi?"

"Wenye roho mbaya hujifunza matusi kwanza," alijibu Bi Nasma. Akapewa sukari yake, akaondoka kwenda kuisimulia habari ile nyumba ya pili.

Mbuzi ilikuwa imenyamaza. Sabra alijua, bila kutazama, kwamba mama yake anaviangalia vidole vyake.

Drissa alikuwa Mmali. Alikuja Tanzania kuichezea timu moja ya Dar es Salaam, akaumia goti, timu ikamwacha. Goti lilipopona, Bwana Azizi, mfanyabiashara wa Kilindoni na mfadhili wa timu ya kijiji cha Utende, akamleta kisiwani acheze Kombe la Minazi. Alimwambia kuwa siku ya fainali watakuja watu kutoka bara kutafuta wachezaji. Kwa Drissa, mechi hiyo moja ndiyo ilikuwa njia ya kurudi kwenye kazi yake.

Akapewa chumba cha uani nyumbani kwa Bi Chiku. Akapewa pia jezi namba tisa, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, kwa sababu namba tisa ilikuwa ya Kheri, kaka yake Sabra.

Kheri aliivaa jezi ile tangu alipomaliza shule. Alikuwa akitoka kuvua pweza maji yakijaa, anaoga haraka, anakimbilia uwanjani na ndala mkononi. Drissa alipokuja, Kheri alikaa benchi. Baadaye hata benchi likamkosa, akawa anabeba ndoo ya maji ya wenzake. Kila jioni Sabra alipeleka sahani ya wali kwenye chumba cha uani, na kila jioni aliona mtu aliyemnyang'anya kaka yake akinawa mikono kwa furaha na kusema, "Asante, Mwalimu."

Ndivyo alivyomwita, Mwalimu. Drissa alizungumza Kibambara na Kifaransa, na kule Dar es Salaam alikuwa na mwenzake wa kumtafsiria. Utende hakukuwa na mtu huyo. Uwanjani wenzake walipopiga kelele "Mtu nyuma!", yeye hakugeuka, akakatwa miguu na beki, na watazamaji wakaangua kicheko. "Bubu huyo! Mwiteni kwa filimbi!" Jina likamganda. Watoto walimwita Bubu, wachuuzi walimwita Bubu, na yeye aliitika, maana alidhani ni jina la kumpenda.

Mahali pekee alipokuwa mtu kamili ni msikitini. Kule sala ilikuwa ileile ya kwao, na alisimama safuni bila kumwangalia wa pembeni. Akitoka tu mlangoni na kuvaa viatu, ububu unamrudia.

Basi akaamua kujifunza. Alimwonyesha Sabra kitu, Sabra akasema jina lake, naye akalirudia. Asubuhi ungemsikia uani anawasalimia kuku: "Habari za asubuhi? Mumeamkaje?" Kuku wanatawanyika, yeye anawafuata na salamu zake. Bi Chiku alikuwa akicheka mpaka anashika kiuno, lakini kilikuwa kicheko cha kumpenda.

Cha Sabra hakikuwa hivyo. Mwezi wa pili tangu mgeni afike, alimwambia, "Neno shikamoo unampa kila mtu. Usimpite mtu." Drissa akatoka. Kichochoroni akakutana na watoto wa chekechea, akasimama, akainama na urefu wake wote, mkono kifuani. "Shikamoo."

Walitazamana. Halafu mmoja, kamasi zinamtoka, akajibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

Habari ilienea kijiji kizima. Watoto walikuwa wakimvizia ili wapewe shikamoo na mtu mzima mwenye ndevu. Watu wazima waliona, wakacheka, wakapita. Hata kocha Mbaraka alicheka. Hakuna aliyemwambia mgeni ukweli, wala hakuna aliyemkemea Sabra. Naye akajifunza kuwa jambo lile halina ubaya.

Mama yake Abeid, Bi Mwanahalima, alikuwa mgonjwa wa kulala muda mrefu. Abeid alikuwa golikipa wa timu na mtoto wake pekee. Alimlisha, alimfulia, alimgeuza kitandani. Siku nyingi alikosa mazoezi, na watu wakaanza kunong'ona. Kisimani Bi Nasma alisema, "Afadhali aende tu bibi wa watu. Anatuchosha, kila siku kumjulia hali." Vijana wa timu nao, wakifunga viatu, waliyasema hayohayo kwa maneno yao. Sabra aliyasikia kote kuwili. Abeid pia yalimfikia, maana Utende si mahali pa kuficha maneno.

Bi Mwanahalima alifariki Jumatano alfajiri. Bi Chiku alijifunga kanga mbili na kwenda msibani na wanawake wengine kusaidia kupika. Sabra akabaki afagie kisha apeleke maji.

Jana yake Kheri alikuwa amerudi kutoka uwanjani, akajilaza kifudifudi asitake kula. Bwana Azizi alikuwa ametangaza majina ya fainali, na lake halikuwamo hata la akiba. Sabra alikuwa ameketi nje ya mlango, akasikia kaka yake mkubwa, mwenye mabega kama ya mchukuzi wa bandarini, akilia ndani ya mto.

Sasa Drissa akatokea uani. Amevaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, na kofia.

"Mwalimu. Mama Abeid... kufa." Akagusa moyo wake. "Kiarabu mimi najua. Mimi nataka Kiswahili. Abeid rafiki. Mimi sema nini?"

Sabra alishika fagio. Angeweza kusema "pole". Ni neno dogo, mtoto wa miaka miwili analijua. Lilikuja mpaka kwenye ulimi, akalirudisha.

"Sema hivi," alisema. "Afadhali mama yako amekwenda. Alituchosha."

Drissa alitabasamu kwa huzuni aliposikia "mama yako". Hayo aliyajua. "Amekwenda" nalo alilijua. Akaitikia kwa kichwa, yamemwingia moyoni. Alirudia mara nyingi, pale penye jua, akimwangalia Sabra mdomoni ili asikosee.

"Vizuri?"

"Vizuri sana," alisema Sabra.

"Asante, Mwalimu."

Sabra alimfuata kwa mbali, ndoo ya maji kichwani. Alijiambia anapeleka maji tu. Alifika uani kwa marehemu wakati Drissa anavua viatu. Hakupita kati ya wazee bila salamu, kama alivyokuja kudai Bi Nasma. Alisema "Assalamu alaykum" kwa sauti ya chini, wakamwitikia. Hakucheka. Macho yalikuwa mekundu. Alipiga goti mbele ya Abeid, akamshika mikono miwili, akasema. Kilikuwa Kiswahili safi kuliko chote alichopata kusema tangu afike kisiwani, na kila mtu pale jamvini alikisikia.

Abeid alimpiga ngumi ya mdomo.

Hapo Sabra angeweza kupiga kelele. Ndoo ilikuwa bado kichwani. Aliona Drissa anafuta damu kwa mkono wa kanzu, anatazama huku na huku, uso umejaa mshangao. Aliona akifikiri. Na akaelewa anachofikiri: alidhani hakuyatamka vizuri. Drissa akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani, akayarudia taratibu, neno moja moja.

Baada ya hapo hakuwa Abeid peke yake. Walimwinukia wenzake wa timu, wakamburuta hadi barabarani, kanzu ikapasuka mgongoni. Kocha Mbaraka, ambaye alipaswa kuwazuia, alimpiga teke la mwisho. "Mwislamu gani wewe!" mtu alipiga kelele. Watoto waliokuwa wakipokea shikamoo zake waliokota kokwa za embe wakamrushia.

Bwana Azizi alipopata habari alitoa amri kwa simu: mgeni apande boti ya Jumamosi, arudi bara, fainali asiikanyage. Namba tisa akarudishiwa Kheri.

Jioni hiyo Sabra alipeleka chakula kama kawaida. Drissa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, midomo imevimba, kanzu iliyochanika imekunjwa vizuri pembeni. Hakunawa mikono.

"Mwalimu," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida. "'Alituchosha' ni nini? Niambie."

Sabra aliweka sahani chini, akatoka.

Hayo ndiyo Sabra aliyokuwa nayo kifuani asubuhi ile, ungo mapajani, mbuzi ikiwa imenyamaza.

"Sabra," alisema Bi Chiku.

"Labee, mama."

"Nani kamfundisha?"

"Sijui. Labda... labda uwanjani."

Bi Chiku aliinuka, akaja kuuchukua ungo, akauweka kando. Hakupandisha sauti. "Uwanjani wanamwita kwa filimbi. Hapa kuna mtu mmoja tu anayeitwa Mwalimu. Nakuuliza tena, na nikikuuliza mara ya tatu haitakuwa kwa mdomo."

Sabra alisema yote. Aliyasema anatazama chuya mkekani. Alipofika kwenye kilio cha Kheri, sauti ilimkatika, akasubiri mama yake amhurumie. Bi Chiku hakumhurumia.

Kheri ndiye aliyetokea mlangoni. Alikuwa amesikia. Jezi ilikuwa mwilini, tangu jana hajaivua. Aliivua palepale, akaitupa kwenye mchele. "Umenifanya nivae kitu cha wizi," alisema. "Mie nilikuwa nangoja goti lake limsumbue, au nimshinde kwa kukimbia. Sasa hata nikifunga mabao, nitaambiwa mtu alipigwa ili mie nicheze." Akatoka, na hakuzungumza na dada yake tena mpaka mwezi mwingine ulipoandama.

"Nitakwenda kumwomba radhi Drissa chumbani," alisema Sabra.

"Chumbani?" aliuliza Bi Chiku. "Alipigwa chumbani? Kesho wanaanua tanga, watu wote watakuwepo. Utasemea palepale alipopigiwa."

"Mama, nakuomba. Nitaaibika."

"Ndiyo."

Ijumaa baada ya hitima, wanaume walikuwa jamvini na sinia za wali zinaanza kutoka. Bi Chiku aliingia pale ambapo mwanamke haingii, akasimama ukingoni mwa jamvi na kumshika Sabra begani.

"Wanaume zangu, mniwie radhi," alisema. "Binti yangu ana neno, na halingoji."

Sabra aliona miguu tu, safu za miguu isiyo na viatu. "Mimi ndiye niliyemfundisha Drissa," alisema. "Aliniuliza maneno ya kumpa pole kaka Abeid. Nilimdanganya. Yeye alidhani anasema pole."

Kijiko kilianguka mahali.

Abeid alikuwa amekonda ghafla, kama watu wanaosahau kula. "Yale maneno," alisema polepole, "uliyatunga mwenyewe?"

Sabra alirudi nyuma hatua moja, mkono wa mama yake ukamzuia.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Uliyatunga?"

"Hapana. Niliyasikia."

"Kwa nani?"

"Kisimani. Kwa Bi Nasma. Na kwa wachezaji, pale wanapofungia viatu."

Ndani ya nyumba, kulikokuwa na kelele za sufuria na wanawake, kukawa kimya. Jamvini vijana wa timu waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine. Kocha Mbaraka alikuwa akikitazama kiatu chake mlangoni, kile alichompigia mtu teke.

"Kumbe," alisema Abeid, "nilimpiga yule mmoja aliyekuja kunipa pole."

Alisimama, akavaa ndala, akatoka peke yake kuelekea kwa Bi Chiku. Bi Nasma alipita mlango wa nyuma. Siku nyingi zikapita bila yeye kuja kuombea sukari.

Njiani kurudi, Sabra alilia. Bi Chiku alimwacha alie mpaka walipolipita shamba la mihogo, ndipo akasema:

"Sikiliza, mwanangu, na siku moja uwaambie wanao. Mtu anayejifunza lugha kwako amekukabidhi mdomo wake. Hajui lililo zuri wala lililo baya, anakutazama wewe usoni. Ukimdanganya, anayesema ni wewe, kwa mdomo wake, na anayepigwa ni yeye. Ungemtukana mwenyewe ingekuwa afadhali, maana angalau ungesimama karibu na ngumi."

"Na ile ya shikamoo, mbona nanyi mlicheka?"

Bi Chiku alisimama. "Kweli," alisema. "Tulicheka. Pale ndipo tulipokufundisha, na ile aibu ya leo nusu yake ni yetu. Lakini fagio ulilishika wewe, na neno pole ulikuwa nalo mdomoni."

"Atanisamehe?"

"Kusema kweli ilikuwa kazi yako, umeifanya. Kusamehe ni kazi yake. Hiyo huwezi kumfanyia, wala mimi siwezi kumwamrisha."

Jumamosi boti iliondoka bila Drissa. Abeid alikuwa ameketi naye chumbani muda mrefu, akimweleza yote kwa ishara na maneno machache, na alipotoka walishikana mikono. Bwana Azizi akaja na gari lake, akasema maneno mengi ya kujitetea, akamrudishia jezi. Kocha Mbaraka alileta kanzu mpya.

Fainali ilipofika, Drissa alicheza kama mtu anayekimbia moto. Utende ikashinda, naye akafunga mabao yote. Uwanja mzima uliimba jina lake, jina lake la kweli, na hakuna aliyethubutu kusema Bubu. Watu wa bara walimfuata kabla hajakausha jasho, wakamwambia kuna timu inamhitaji.

Lakini tangu jioni ile alipouliza 'alituchosha' ni nini, Drissa hakusema tena neno la Kiswahili. Chumvi aliinyooshea kidole. Asubuhi kuku walizunguka uani bila salamu. Watoto, waliokuwa wamechapwa na wazazi wao kwa ile michezo, sasa walimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, kaka Drissa!" Yeye alisimama, akawatazama usoni mmoja mmoja, akapita. Alikuwa hajui tena neno lipi ni la kweli na lipi lina ngumi nyuma yake.

Asubuhi ya kuondoka kwake bodaboda ilikuja kumchukua hadi Kilindoni. Bi Chiku alimfungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa. Alimwombea dua, naye akaitikia "Amin", kwa kuwa hilo lilikuwa la kwao pia. Kheri alimbebea begi mpaka barabarani.

Sabra alikuwa amesimama karibu na kisima. Usiku alikuwa ameandaa maneno mengi, na yote yalionekana mabaya mchana. Alimsogelea Drissa alipokuwa anajifunga kamba za viatu.

"Kaka Drissa," alisema. "Nisamehe."

Drissa aliendelea kufunga kamba.

Sabra alijua kuwa Kiswahili chake hakina thamani tena kwa mtu yule, hata kikiwa cha kweli. Akagusa kifua chake, kama Drissa alivyokuwa akigusa chake.

"Kwenu," alisema taratibu, neno moja moja, "mtu akifiwa, mnamwambia nini? Nifundishe."

Drissa aliinua uso. Alimwangalia mdomoni, kama alivyozoea kumwangalia zamani, kwa muda mrefu kiasi kwamba dereva wa bodaboda alizima injini na kungoja. Sabra alisimama na mkono wake kifuani, akisubiri neno.